Jina Aliloliacha Mbeya

Mume wangu tulimzika kwao, Rujewa, wiki ambayo mvua zilikuwa zimekaza na maji ya mifereji ya mpunga yamekata njia ya makaburini. Wanaume walivuka na jeneza wamelibeba juu ya vichwa. Alikuwa fundi wa magari Mbeya mjini, kwenye gereji iliyotengeneza malori ya kwenda Zambia. Jeki iliteleza. Siwezi kueleza zaidi ya hapo, maana hata mimi sikuambiwa zaidi, na nguo zake walizoniletea zilikuwa zimeshafuliwa.

Kabla watu hawajatawanyika, mzee wa ukoo alisimama akasema yale yanayosemwa kila penye kaburi: kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze kwa familia. Watu wakatazama chini. Mzee akasubiri kidogo, akageuka huku na huku, kisha akasema, "Basi. Ndugu yetu amekwenda mweupe." Mama mkwe wangu, aliyekuwa ameshikwa na wanawake wawili, akabadilisha kilio. Alilia kama mtu aliyepewa kitu cha kushika.

Hakuna aliyekumbuka kwamba maisha ya marehemu yalikuwa Mbeya, na kwamba waliokuwa na neno naye hawakujua hata kama amekufa.

Mimi na mama mkwe hatukuwa na maelewano. Miaka michache nyuma mtoto wetu wa kwanza, mvulana, alifariki Mbeya, tukamzika huko huko. Mto ulikuwa umefurika, habari zilimfikia bibi yake mwili ukiwa umeshazikwa. Hakunisamehe. Alisema nimemzika mjukuu wake kama mpita njia. Kwa hiyo matanga yalipokwisha sikuombwa kubaki. Nilimfunga binti yangu mgongoni, nikapanda lori la mchele mpaka barabara kuu, nikarudi Iringa kwetu.

Tulipokelewa na dada yangu aliyekaa mtaa wa Kihesa, tukapewa chumba cha uani. Shemeji yangu alikuwa karani serikalini, mtu mpole asiyependa kuuliza. Miezi ya mwanzo sikufanya kitu. Nilikaa juani kama mgonjwa. Halafu nikaona ninakula chakula cha watu, nikatafuta sindano zangu.

Kazi niliyoijua ni kufuma. Nilifundishwa na masista nikiwa msichana, na ni kazi isiyokosa wateja mahali penye baridi kama kwetu. Nilifuma kofia za watoto wachanga, soksi, na masweta ya shule. Lakini sweta moja la mkono linakula siku nyingi, na kufikia Juni, upepo unapoteremka na watoto wanakwenda shule wamejikunyata, wazazi hawangoji. Walikuwa wanakuja, wananikuta nimefika kwenye mkono wa kwanza, wanakwenda kwa mwingine.

Mjini kulikuwa na duka moja lililouza uzi wa sweta, na ndani yake, juu ya meza dirishani, mashine ya kufumia. Ilikuwa kama ubao mrefu wa chuma wenye sindano nyingi zilizolala sambamba, na juu yake kijisanduku unachokisukuma kulia na kushoto. Ukisukuma mara moja, mstari mzima unafumika. Mwenye duka alinionyesha. Nilirudi Kihesa nikaota ile sauti yake.

Duka lilikuwa la familia ya Kiislamu, watu wa asili ya Kihindi walioingia Iringa tangu enzi za babu zao. Aliyekaa mbele siku zote alikuwa mama wa nyumba ile, mwanamke mnene mwenye miwani, anayejua Kihehe kuliko watoto wa mjini. Ukimwambia "Kamwene," anakujibu na kukuuliza habari za nyumbani mmoja mmoja. Siku moja nilijikaza nikamwambia:

"Mama, nipe ile mashine. Nitakulipa kila mwisho wa mwezi mpaka iishe."

Hakucheka. Alivua miwani. "Unakaa wapi, binti yangu?"

"Kihesa, kwa dada yangu."

"Na kabla ya hapo?"

"Mbeya. Mwanjelwa. Mume wangu alikuwa fundi huko, amefariki."

Akanipa pole, halafu akaniuliza jina la mume. Nikalitaja kwa sauti, bila wasiwasi wowote. Akauliza nani atakayenisimamia nikishindwa. Nikamtaja shemeji.

"Haya. Nipe muda niulize."

"Uulize nini, mama? Si unaniona kila wiki?"

"Wema wako nauona," alisema. "Nataka kujua wewe ni mtu wa namna gani ukiwa na deni. Hilo halionekani usoni."

Nilingoja. Niliendelea kununua uzi kwake kidogo kidogo bila kugusia, kama mtu anayechumbiwa. Siku aliponiita, hakuniita mbele ya wateja. Alifungua mlango wa kaunta, akanipitisha nyuma kwenye marobota ya vitambaa, akanikalisha juu ya moja.

"Nimepiga simu Mbeya," alisema. "Sisi wenye maduka tunaulizana. Wewe ukija kwangu, mimi nauliza ulikotoka. Ukienda Njombe, wa Njombe ataniuliza mimi. Maduka niliyouliza yote yanamjua mume wako."

"Wanasemaje?"

"Wanasema ni mtu wa kukwepa."

Nilihisi masikio yakiwaka. "Mama, huyo mtu amekufa."

"Najua. Niliwaambia. Wamesikitika sana. Lakini neno lao hawakulibadilisha."

Nikamwambia kwamba wamekosea mtu. Nikamwambia kwamba kaburini ilitangazwa, hakujitokeza hata mmoja. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akanieleza kwa upole, na maneno yale nimeyatumia maisha yangu yote, ingawa siku ile niliyachukia.

"Anayechelewa simwogopi. Nusu ya Iringa inanichelewesha, hasa kabla ya mavuno. Mtu akija akasimama hapo akasema, mama, mwezi huu sina, mimi nakunywa chai yangu na kulala. Ninayemwogopa ni yule anayebadilisha njia ili asipite mbele ya duka langu."

Hapo ndipo moyo uliponishuka. Nilikumbuka kwamba baada ya mtoto kufa, mume wangu aliacha kupita mtaa wa madukani. Tukienda sokoni alinizungusha kwa nyuma, kwenye matope, kando ya kijito. Nilidhani ni majonzi. Nilidhani hataki kupita mahali alipokuwa anampitisha mtoto mabegani. Nilikuwa nikimfuata bila kuuliza, na kanga yangu ikichafuka.

"Nifanye nini?" nilimuuliza yule mama.

"Mimi siwezi kulisafisha jina nisilolichafua. Nenda huko. Jua anadaiwa nini na nani, uongee nao. Siku wao wenyewe wakiniambia amelipa, mashine utaichukua."

"Kwani deni lake ni langu?"

"Kisheria sijui, binti yangu. Lakini ulipokuja hapa ulijitambulisha kwa jina lake."

Nilimwachia dada mtoto, nikapanda basi. Mbeya niliishi nikiwa mke wa mtu, na niliposhuka stendi sikujua niende kwa nani. Baridi ilikuwa ile ile. Nikaanzia kwenye duka la vyakula la Mwanjelwa, maana hapo nilijua tulikuwa tukichukua unga na mafuta kwa mali kauli. Mwenye duka, mwanamume wa Kinyakyusa aliyekuwa akinitania zamani, alinitambua kabla sijasalimia.

"Ehee! Leo mmekumbuka njia!" alisema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakageuka. "Mume anachukua unga, anapotea. Mke anahama. Mimi nilikuwa nalisha Mwanjelwa nzima bure?"

Nikamwambia amekufa. Alikuwa ameshapata habari kwa wenzake wa madukani. "Mungu amrehemu. Unga uliliwa."

Ilikuwa kweli. Na mimi nilikuwa miongoni mwa walioula. Nikamwomba anitajie kiasi, akanitajia, nikatoa nilichokuwa nimekifunga kwenye pindo la kanga, nikamwahidi kilichobaki. Hakunishukuru. Lakini nilipoanza kuondoka aliniita akanielekeza: "Anayemdai zaidi ni mzee wa mablanketi. Anza na huyo ndiyo utapona."

Mzee wa mablanketi alikuwa Mhindu aliyeuza vitambaa na mablanketi karibu na soko, mtu mwembamba, mwenye nywele nyeupe, aliyekaa dukani na mke wake tu. Watoto wao walikuwa wamekwenda ng'ambo. Sikuwahi kununua hata kitambaa kwake. Nilisimama mlangoni nikajitambulisha kama mjane wa fulani, na nikasema nimesikia mume wangu alikopa nguo hapa.

"Hakukopa nguo," alisema. "Kaa, mama."

Mke wake alileta kigoda. Mzee akaegemea kaunta, akanisimulia. Kulikuwa na siku ya mvua kubwa, mchana. Mume wangu aliingia ameloa, mafuta ya gereji mikononi, akasimama pale pale mlangoni ili asichafue. Hawakuwa wakifahamiana zaidi ya kwamba aliwahi kumtengenezea gari. Akasema mtoto wake hawezi kupumua, hospitali ya mjini wameshindwa, anataka kumpeleka hospitali ya misheni milimani, na huko wanataka fedha kwanza, na mwenye gari naye anataka fedha kwanza.

"Nilimpa," alisema mzee. "Sikumwuliza mdhamini. Ningemwulizaje, na alikuwa anatetemeka namna ile? Akaniambia, mzee, mwisho wa mwezi. Nikamwambia, nenda, nenda."

Mimi nilikuwa ndani ya gari lile. Nilikuwa nimempakata mwanangu, na nilipouliza limetoka wapi, mume wangu alisema, "Tajiri wa gereji amelitoa." Niliamini hivyo mpaka siku ile. Nilikuwa nimemwombea tajiri wa gereji kila Jumapili.

Mzee aliendelea. "Mwezi ukaisha. Ukaisha mwingine. Nikamwona siku moja ng'ambo ya barabara, nikamwita. Aliniona, mama. Aliniona kabisa, akaingia uchochoroni. Tangu siku hiyo nikawaambia wenzangu wasimpe kitu. Fedha niliweza kuisahau. Lakini mtoto anapona, baba hawezi hata kuja kuniambia ahsante?"

Nikamtazama. Sikuelewa mara moja. Ndipo nikaelewa kwamba hakuna aliyemwambia.

"Mzee," nilisema, "mtoto hakupona."

Mke wake, aliyekuwa akikunja kitambaa, aliacha mikono juu ya kitambaa.

"Alifia huko huko milimani," nikasema. "Tulirudi naye kwa gari lile lile."

Mzee akaondoka pale kaunta, akaenda mwisho wa duka, akatugeuzia mgongo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alisema kwa lugha yao neno moja kwa mkewe, naye akaingia ndani akaleta chai, na tulikunywa bila kusema, kama watu wa msiba. Na ulikuwa msiba. Nadhani ndiyo siku nilipomlilia mume wangu kwa haki, kwa sababu ndiyo siku nilipojua alikuwa anabeba nini nilipokuwa nikimlaumu kwa ukimya. Angemwendea vipi mtu yule, mikono mitupu, na kumwambia kwamba fedha yako haikumwokoa?

"Deni hili liishe," alisema mzee hatimaye. "Nimelifuta. Nenda kwa amani."

Nilitaka kukubali. Mungu anajua nilitaka. Lakini nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya neno, na neno lile silo nililolifuata.

"Mzee, ukilifuta, mtu akikuuliza utasema umemsamehe. Mimi nataka useme amelipa."

"Utalipaje? Kwa kitu gani?"

"Kwa sindano."

Tukakubaliana. Ningeleta kidogo kila mwezi, na mwezi nitakaokosa, nitoe taarifa kabla haujaisha. Alilirudia hilo la taarifa kama mwalimu. Alinishauri pia nimalize kwanza madeni madogo, la duka la vyakula na la bucha, kwa sababu hao ndio wanaoongea na watu wengi.

Nikirudi nilishuka njia ya Rujewa. Sikutaka mama mkwe alisikie jambo hili kwa mtu mwingine. Huo ulikuwa mwaka wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, nikamkuta kwenye nyumba mpya, mbichi, iliyopangwa mstarini na za wenzake, mbali na mwembe wake na mbali na kaburi. Alikuwa anapepeta mpunga. Nilimwamkia, akaitikia bila kusimama. Nikamweleza nusu tu, kwamba Mbeya kuna watu wanamdai mwanawe.

Akaweka ungo chini. "Ilitangazwa. Mbele ya kaburi. Hakujitokeza mtu."

"Hawakuwepo, mama. Hawakujua."

"Wewe unataka nini? Ulimzika mjukuu wangu ugenini, sasa unamfukua mwanangu?"

Majirani walikuwa wanasikia. Sikuendelea. Niliondoka bila hata kunywa maji, nikalala kwa mama mmoja karibu na barabara, asubuhi nikapata basi.

Nilifuma. Sijui niseme nini kingine kuhusu miezi ile. Nilifuma nikitembea, nikichota maji foleni, nikimwogesha mtoto kwa mkono mmoja. Vidole vilipasuka, nikavipaka mafuta ya ng'ombe. Duka la vyakula nililimaliza kwanza. Yule bwana alipopokea ya mwisho alitangaza kwa sauti ile ile aliyonitukania, "Huyu mama amelipa kila kitu!" na wateja wakageuka tena. Nilikuwa nimemchukia. Siku ile nikamsamehe.

Mwezi mmoja binti yangu alishikwa na malaria na fedha yote ikaenda. Nauli ya kwenda Mbeya sikuwa nayo. Nilimwendea mama wa duka la uzi, nikamwomba aniombee simu. Alinipigia kwa opereta, tukangoja, akamwambia mzee kwamba mteja wake wa Iringa amekuja kusema mwezi huu hana. Nilisikia mzee anacheka kule mbali. Mama alipokata simu na yeye alikuwa anatabasamu. "Anasema, huyu anapiga simu ya mbali kuniambia hana? Mtu huyu mpe mashine." Halafu akatikisa kichwa. "Lakini tumalize kwanza."

Baada ya mavuno, asubuhi moja, mama mkwe alitokea Kihesa. Alikuja na lori, na magunia mawili ya mchele, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Hakuwahi kufika Iringa maishani. Alikaa kwenye mkeka akanywa uji, akampakata mjukuu wake, akaniangalia nikifuma. Kisha akasema:

"Alipokuwa mdogo, akivunja chungu alikuwa anapotea. Tunamtafuta mpaka jioni. Nikimwambia, mwanangu, chungu ni udongo tu, njoo ule, haji. Niambie. Ni kitu gani alichovunja safari hii?"

Nikamweleza lote. Mvua, gari, mzee wa mablanketi, uchochoro. Nikamweleza pia jinsi mjukuu wake alivyofia mikononi mwangu, maana hakuwahi kuniuliza na mimi sikuwahi kumwambia. Dada yangu aliwatoa watoto nje. Tulilia hadi jua likahama ukutani. Hatukuombana msamaha kwa maneno. Alisema tu, "Uza huo mchele."

Kumbe alikuwa amelimisha shamba la ziada. Jirani zake wapya kijijini walikuwa Wasukuma waliohamia huko bonde la Usangu na ng'ombe zao, na walimlimia kwa maksai kwa ahadi ya gunia baada ya mavuno. Mwanamke asiyewahi kukopa kitu aliingia deni akiwa mzee ili kumlipia mwanawe. Gunia la Wasukuma alikuwa ameshalitoa kabla ya kuja kwangu.

Malipo ya mwisho tulikwenda pamoja. Mama mkwe alivaa kanga mpya, akafunga kitambaa kichwani vizuri, kama anakwenda kwenye posa. Mzee wa mablanketi alitoka nje ya kaunta kumpokea, akainama kidogo. Nikaweka fedha. Akazihesabu kwa heshima, bila haraka. Mama mkwe akamwambia kwa Kiswahili chake cha Kisangu:

"Sema, baba. Nataka kusikia."

"Mwanao amelipa," alisema mzee. "Hadaiwi na mimi, hadaiwi na mtu yeyote mtaa huu."

"Tena."

Akasema tena. Mama mkwe akashika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, akatoka nje.

Kutoka pale aliniomba nimpeleke kwa mjukuu wake. Nilikuwa nimeogopa ombi hilo tangu alfajiri. Tulikwenda makaburini. Majani yalikuwa yamepanda hadi kiunoni, na msalaba wa mbao tuliouweka haukuwepo, labda umeoza, labda umekwenda kuwa kuni wakati wa baridi. Vijikaburi vya watoto vilikuwa vingi, vimesongamana, vyote vya urefu mmoja. Nilizunguka, nikarudi, nikazunguka. Nilikumbuka kwamba ukisimama pale mlima unauona katikati ya miti miwili, lakini mti mmoja ulikuwa umekatwa.

"Ni hiki?" aliuliza mama mkwe.

"Nadhani ni hiki, mama. Au hicho."

Hakunikasirikia. Alipiga magoti katikati ya vile viwili, akavipalilia vyote kwa mikono. Na mimi nikapiga magoti upande wa pili. Tulipomaliza kucha zetu zilikuwa nyeusi, na kaburi la mtoto wa watu, yeyote yule, lilikuwa safi sawa na la wetu.

Mzee wa mablanketi alipiga simu Iringa wiki ile ile. Hakukawia kuondoka Mbeya. Jengo la duka lilikuwa limetaifishwa, halikuwa tena mali yake, na watoto walikuwa wanamwita ng'ambo. Nilisikia kwamba alifunga duka bila kuwaaga watu. Nikafikiri kwamba kama ningechelewa, au kama ningekubali kusamehewa, asingebaki mtu Mbeya wa kusema mume wangu alikuwa mtu wa namna gani.

Mashine niliichukua. Shemeji alinisimamia, lakini yule mama alisema ni desturi tu. Sweta la kwanza nililofuma kwa mashine ile nilimpelekea mama mkwe, la rangi ya maziwa, lenye vifungo. Usangu ni joto, mtu anatembea na kanga moja na bado jasho linatiririka. Yeye alilivaa. Alilivaa kwenda shambani, akalivaa kwenda kukoboa mpunga, na watu walipomcheka aliwaambia, "Mwanangu hadaiwi, na mkwe wangu anakopesheka."

Hakumaliza mwaka. Miguu ilimvimba, kisha tumbo, akafa kwenye nyumba ile ya mstarini, na tulimpeleka kwenye shamba la zamani alale karibu na mwanawe. Nilikuwa nimepata mama, na nilikaa naye muda mfupi kuliko niliokaa naye kama adui.

Miaka ya mwisho ya sabini uzi wa sweta ulipotea madukani, kama ulivyopotea sukari na sabuni. Mashine ilikaa imefunikwa shuka. Nilipika vitumbua, nikauza, nikaendelea kupeleka fungu la mashine kila mwezi, na mwezi niliokosa nilikwenda kusema. Siku nilipomaliza, yule mama wa dukani alikuwa na rafu nyingi tupu nyuma yake. Alivua miwani, akanishika mkono, akaniuliza kama kuna kitu kingine nataka kuchukua, nitalipa nikiweza.

Nikatazama zile rafu. Nikamwambia sina haja na kitu. Tukakaa mlangoni, yeye na mimi, tukaongea habari za nyumbani, mmoja mmoja, mpaka alipofunga duka.